Wateja Kumi na Mmoja Walioridhia

11 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na baba pia, pamoja na goti lake. Mwambie miwani niliyomtumia si pambo la kabati. Mimi ni mzima kabisa. Nimehamia chumba kipya, ghorofa ya tatu juu ya fundi viatu, kwa hiyo nanuka gundi hata siku ambazo siendi kazini. Kiwandani wamenipeleka maabara ya nywele. Nimepewa meza yangu na sinki langu, na mlangoni wameandika cheo changu, ingawa kwa karatasi tu.

Kwenye boksi hili kuna chupa sita zisizo na lebo. Usizitupe, nakujua. Ni kondishena yetu mpya, bado haijapewa jina. Ni zawadi ya saluni yako. Paka baada ya shampuu, acha dakika tano, suuza. Na kwa kuwa simu huisikii, niandikie unavyoiona. Andika kama unavyoongea, usinifupishie. Nani ulimpaka, ana umri gani, nywele zake zikoje, kitana kilipitaje. Nina hamu tu na habari za saluni.

Mpwa wako akupendaye

*

3 Februari

Profesa wangu,

Marahaba mwanangu. Sisi tupo. Baba yako miwani anavaa, ila anaivaa utosini, kisha anapekua nyumba nzima akiuliza nani kamwibia. Goti limepoa. Masikio yangu ni yale yale. Drayer za miaka thelathini zimeyamaliza, siku hizi mteja akininong'oneza umbea lazima aurudie mara tatu, na kufika ya tatu umeshafika barabarani.

Haya, hiyo dawa yako. Mtoto wewe, umetia nini humu? Nilianza na mpika mikate wa kona, ana miaka arobaini na moja, nywele zimemkatika pembeni kwa sababu ya kufunga kitambaa siku nzima. Kila nikimchana huwa analia na mimi nalia. Safari hii nimesuuza, nikashika kitana, nikajiandaa kwa vita. Wapi! Kitana kinapita kama kinajua njia. Akanigeukia akaniuliza kama nimeanza au bado.

Nikampaka na yule muuguzi anayechoma nywele kwa dawa ya kunyoosha kila mwezi nikimkataza. Naye vile vile. Nikampaka Mwalimu. Unamkumbuka Mwalimu, aliyekufundisha hesabu na rula mkononi? Bado ni wangu wa kila Jumamosi, kiti cha kwanza, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nywele zake nyeupe zilikuwa kama brashi ya kusugulia sufuria. Sasa anajishika shika kichwa kama msichana.

Nieleze inafanyaje kazi. Sisi zamani tulipaka yai, tukaambiwa yai ni protini na nywele ni protini. Ukisuuza linaondoka lote, linaacha harufu tu, na ukikosea ukatumia maji ya moto linaivia kichwani. Nimetoa vipande vya yai lililoiva kwenye kichwa cha bibi harusi, usinikumbushe.

Na swali jingine. Naona hata mikono yangu imelainika kwa kuishika dawa hiyo. Mwalimu mikono yake inapasuka, chaki ilimharibu, pengine inatoa damu. Je, naweza kumpaka na mikononi? Sitaki kufanya kitu bila kukuuliza wewe mwenye elimu yake.

Shangazi yako

*

20 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka kuhusu baba hadi jirani akagonga ukuta. Barua yako nimeisoma mara nne. Tafadhali endelea hivyo hivyo, na wengine uniandikie umri wao kama ulivyofanya.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unywele ni protini tupu, na nje una magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Unywele mzima una mafuta membamba juu ya magamba hayo. Ukiupiga dawa ya kunyoosha, au rangi, au pasi ya moto, mafuta yanatoka, magamba yanafunguka, na palipoumia panabaki na chaji hasi. Yai lako lilishindwa kwa sababu protini yake ni kubwa mno na haina cha kuishikia. Inakaa juu, maji yakija inaondoka nayo.

Sisi tunachukua protini ya mmea, tunaikata vipande, halafu kila kipande tunakifungia kitu chenye chaji chanya na mkia mdogo wa mafuta. Chanya huvutwa na hasi, kwa hiyo kipande kinakwenda chenyewe pale palipoharibika, na palipoharibika zaidi ndipo kinaposhika zaidi. Ukisuuza hakitoki chote. Ule mkia wa mafuta unabaki nje, ndio unaokitelezesha kitana. Wengine hukata vipande vidogo sana. Mimi nimeviacha vikubwa kidogo, na ndiyo maana yetu inashika kuliko ya watu wote. Hilo ni wazo langu, Shangazi. Mkuu wangu alisema sitaweza.

Kwenye ngozi ni habari ile ile. Mikono ya Mwalimu mpake. Asubuhi na jioni, hasa pale palipopasuka, na asisuuze. Mwachie chupa nzima, na wengine uwagawie waende nazo nyumbani, nakutumia boksi jingine. Kisha niandikie kila wiki inavyokuwa.

Mpwa wako

*

30 Machi

Profesa,

Marahaba. Nyumbani salama. Baba yako amegombana na fundi bomba kuhusu bomba ambalo halikuwa letu.

Nimefikisha watu kumi na wawili sasa, na kila mmoja nimemwandikia karatasi yake, zote zimo kwenye bahasha hii, mkono umeniuma. Sijui unafanyia nini habari zote hizi, lakini mtoto aliyeko mbali akitaka habari za nyumbani hanyimwi. Muuguzi anasema hajawahi kuona nywele zake zikirefuka namna hii. Mpika mikate pembeni pameanza kuota.

Mwalimu sasa. Mikono imepona! Wiki ya tatu nyufa zimefunga, ananishikisha kila akija. "Gusa hapa. Gusa na hapa." Amewaambia walimu wenzake wote waliostaafu, na kila mahali analitaja jina lako, kwamba msichana wake wa hesabu ndiye aliyemtengenezea dawa. Nimejivuna mimi, kichwa kimevimba hata mlango haunitoshi.

Kuna jambo dogo tu. Jumamosi iliyopita alikuja kope zimemvimba zote mbili, na shingoni ana vipele. Anasema alitoka kunywa chai na mkate nyumbani, akatembea haraka kuniwahi, akaanza kuwashwa njiani. Nikamwekea kitambaa cha maji baridi, saa moja baadaye ikaisha. Itakuwa nini?

Shangazi yako

*

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wote ni wazima.

Huyo Mwalimu, kope zilivimba baada ya dakika ngapi tangu ale? Ilikuwa mara ya kwanza? Alipumua vizuri? Huenda ni vumbi, au sabuni mpya. Mwambie apumzike kidogo kupaka mikononi, si kwa sababu yoyote, ngozi nayo inahitaji kupumzika. Wengine endelea nao.

Nina kazi nyingi sana mwezi huu, nikichelewa kujibu usijali.

Mpwa wako

*

14 Juni

Mwanangu,

Hii ni barua ya tatu tangu Aprili, na zote hujazijibu. Ya kwanza nilisema una kazi. Ya pili nilisema posta. Sasa sijui niseme nini. Baba yako anauliza kila siku, namdanganya kuwa umeandika.

Mwalimu alinidondokea Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita. Nilikuwa nimemaliza kumtia rola. Mpika mikate alituletea mkate wa moto, tukanywa nao chai wote watatu. Mwalimu akainuka kunisaidia kuanika taulo, unamjua hawezi kukaa. Akasema koo linambana. Nikadhani ananitania. Uso ukavimba mbele ya macho yangu, midomo, ulimi, akawa anavuta pumzi kwa sauti ambayo hata mimi kiziwi niliisikia. Muuguzi alikuwa kwenye sinki la kuoshea, Mungu ni mwema, akatoka na povu kichwani akamlaza, akamwinua miguu, wakamkimbiza hospitali kwa gari la duka la jirani, rola zikiwa kichwani. Daktari alisema kama wangechelewa dakika kumi tungekuwa tunazungumza mengine.

Wamempima, hawaoni. Walidhani ni mkate, wakampima ngano kwa kipimo chao cha kawaida, jibu likaja hana shida nayo. Wakamrudisha nyumbani. Wiki iliyofuata akala biskuti moja, akavimba tena. Sasa anaogopa kula chochote. Amekonda, mwanangu. Mtu wa miaka sitini na tisa anakula viazi vya kuchemsha na maji, anakaa karibu na mlango ili apate wa kumwita.

Daktari anauliza kama kuna kitu kipya alikitumia mwaka huu. Mwalimu akasema hapana, isipokuwa dawa ya mikono ya msichana wangu, na hiyo ni salama, ameitengeneza mwenyewe. Alikuwa akikutetea, unasikia? Nakuuliza kwa upole. Ndani ya ile chupa kuna nini?

Shangazi yako

*

28 Julai

Wewe,

Leo salamu hakuna. Nimekaa siku nne ndipo nikashika kalamu, maana siku ya kwanza ningeandika maneno ambayo mtu hafuti.

Kijana wa mauzo wa kiwanda chenu alikuja saluni Jumanne, tai shingoni, begi limejaa. Akaniwekea chupa mezani, sasa ina lebo ya dhahabu. Nikafurahi! Nikamwambia aliyeitengeneza nimemlea mimi. Akanipa kikaratasi chao nisome. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, "Kitana kinapita kama kinajua njia." Nikacheka, nikasema mbona haya maneno yangu. Nikaendelea kusoma. "Mpika mikate, miaka 41, nywele zilizokatika pembeni." "Muuguzi, miaka 35." Nikaacha kucheka. Wote wamo, mmoja baada ya mwingine, umri na nywele zao na aibu zao nyingine nilizokuandikia wewe kama mtoto wangu. Chini kabisa, "Imejaribiwa saluni kwa miezi mitatu na wateja kumi na mmoja walioridhia."

Walioridhia nini? Nani aliwauliza? Mimi mwenyewe nani aliniuliza? Nilidhani unaikumbuka nyumba. Kumbe ulikuwa unahesabu vichwa. Nilivyokaa pale na mkono unauma, nikikuandikia habari za watu ili usijisikie mpweke juu ya fundi viatu wako! Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mtoto wewe, na mimi nikawapaka wengine.

Halafu nikahesabu. Kumi na mmoja. Mimi nilikuandikia kumi na wawili. Nikatafuta na kidole, mstari kwa mstari, kijana wa mauzo ananitazama. Mwalimu hayumo. Mikono yake iliyopona haimo, kope zake hazimo. Umemfuta.

Hapo ndipo nilipojua kwamba unajua. Mtu hafuti asichokijua. Barua zangu tatu ulizisoma, ukaziweka.

Sikuombi unieleze moyo wako. Nataka karatasi moja. Andika ndani ya chupa kuna nini, imekatwaje, na kwa nini inamfanyia Mwalimu hivi. Chini uweke jina lako, cheo chako na jina la kiwanda, nimpelekee daktari. Anasema akikijua ndipo atamkinga, na bila hivyo tumbo lake linacheza bahati nasibu kila akila. Na wale kumi na mmoja walikuwa bado wana chupa bafuni. Nimepita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Muuguzi ameniuliza kwa nini, nikashindwa kumwangalia usoni.

Shangazi

*

15 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, hata kama hutaipokea.

Sikukusudia. Chupa za kwanza zilikuwa zawadi kweli. Kisha barua yako ya Februari ilipofika nikamsomea mkuu wangu kipande kimoja, kwa kujivuna tu. Akasema hiyo ni ripoti bora kuliko yoyote aliyowahi kupata. Akaniuliza kama wamesaini kukubali. Nikasema ndiyo. Ni neno moja tu nililosema, na baada ya hapo kila kitu kilijengwa juu yake.

Barua ya kope ilipokuja nilijua. Nilikaa nayo chooni kazini. Kama ningeiweka mezani wangesimamisha kila kitu, na wangeuliza saini ziko wapi. Nikajiambia ni vumbi. Ile ya Juni sikuimaliza kuisoma, naapa, niliishia kwenye rola, nimeimalizia leo tu.

Karatasi uliyotaka nimeiambatanisha. Kila kitu kimo. Protini ni ya ngano. Vipande vidogo sana mwili hauvitambui, lakini hivi nilivyoviacha vikubwa unaweza kuvijua kuwa ni ngano, na vikipita kwenye ngozi iliyopasuka mwili unajifunza kuvichukia. Baada ya hapo mtu akila ngano, hasa akila kisha akatembea au akafanya kazi, mwili unapigana. Kipimo cha kawaida kinatafuta ngano nzima, ndiyo maana hakikuona. Daktari apime kwa hiki chetu chenyewe, nimeweka kidogo ndani ya bahasha. Mwalimu asiguse kitu chochote chenye ngano, hata kidogo.

Jina sikuweka. Nakuomba unielewe. Wamenipa idara, mlangoni sasa ni kibao cha shaba. Jina likionekana nimekwisha, na si kazi tu, wanaweza kunishtaki. Daktari anahitaji kujua ni nini, hahitaji kujua ni nani. Nakuomba pia unirudishie barua zangu zote, au uzichome. Na usimwambie baba.

Nampa pole Mwalimu. Mwambie, au usimwambie, utakavyoona.

Mtoto wako

*

6 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Naipokea, mimi salamu sijawahi kumkatalia mtu.

Mwalimu nilimwambia siku ile ile barua yako ilipofika. Nilikwenda kwake, nikasimama mlangoni, nikamsomea yote, na pale uliponiambia uliishia kwenye rola nilisoma pia. Aliuliza swali moja tu, kama ulijua kabla hajadondoka au baada. Nikamwambia kabla. Akasema, "Basi," akaniomba nimsogezee maji.

Jumamosi saluni niliwaambia wale kumi na mmoja. Muuguzi amehama, anasukwa kwingine, na simlaumu. Mpika mikate bado anakuja, ila mkate hatuletei tena. Mikono iliyowapaka ni yangu, hilo sikuwaficha.

Jumatatu tulikwenda kwa daktari, mimi na Mwalimu. Alimpima kwa ile ya bahasha, mkono ukavimba mbele yetu kabla hajamaliza kuandika. Kwa hiyo sasa anajua ale nini na aache nini, na amepewa sindano ya dharura ya kutembea nayo. Kwa hilo nakushukuru, na ninasema kweli.

Kisha daktari akaisoma karatasi yako mara mbili, akaigeuza nyuma akitafuta jina. Akasema anataka kuipeleka kwa wakaguzi wa dawa na vipodozi ili hiyo chupa iondolewe madukani, maana sasa inauzwa kila mahali na watu wenye mikono iliyopasuka si Mwalimu peke yake. Lakini karatasi isiyo na mtu, kiwanda kitasema imeandikwa na mshindani wao, na mambo yataishia hapo. Akaniuliza kama namjua aliyeandika.

Mwalimu akaniwahi. Akasema, "Mwache mtoto, ana kazi yake." Yeye, na lile koo lililombana saluni, ndiye aliyesema hivyo. Nikamtazama, shingo imebaki mifupa. Nikafikiria maduka yote yenye lebo ya dhahabu. Nikakufikiria na wewe, usidhani sikukufikiria. Daktari akadhani sijasikia, akarudia swali kwa sauti.

Nikasema namjua, nimemlea. Nikamtajia majina yako matatu, cheo chako, kiwanda chako na mtaa unaokaa. Nikampa na barua zako zote, ya Januari mpaka ya Agosti. Nikasaini chini kwamba nimesema kwa hiari yangu.

Baba yako nimemwambia. Amekwenda kulala saa kumi alasiri na bado hajaamka kula.

Huenda barua hii ikukute wameshakuita, au inawatangulia kwa siku mbili tatu. Nimekuuza, mwanangu, kama ulivyoniuza. Tofauti yetu ni moja, mimi nimekaa chini nikakuandikia kukuambia.

Shangazi yako